Kaburi la mnara kwa manila: kupima, kukata na kuunganisha modeli ya somo la historia

Walimu wanaotaka kufundisha historia kwa modeli za karatasi huuliza mambo yale yale: manila ya uzito gani, gundi gani, kiolezo kinapatikana wapi, na mbona mnara unajinyonga kama kamba. Mwongozo huu unayajibu kwa modeli moja tu, kaburi la mnara la pwani yetu, yaani kaburi lenye ua wa kuta nne na mnara unaoinuka kwenye ukuta mmoja. Violezo vya piramidi za Misri na majumba ya Roma vimejaa kwenye intaneti, na si vibaya. Lakini mtoto wa Malindi anayepita kando ya Msikiti wa Ijumaa kila siku, akaona minara miwili ya makaburi imesimama pale karibu na bahari, anastahili kuanza na kile anachoweza kwenda kukipima kwa mkono wake.

Kwa hiyo hapa hatuchapishi picha ya mtu mwingine. Unapima, unachora kiolezo chako, kisha unatoa nakala za darasa zima. Ukishafanya mara moja, nakala ya kwanza unaihifadhi na kazi ya mwaka unaofuata inakuwa nyepesi.

Vinavyohitajika kwa kundi la wanafunzi 4

- Manila nyeupe ya A4, karatasi 2, uzito wa gramu 160 hadi 200. Chini ya hapo ukuta unalegea. Juu ya hapo mikunjo ya mnara inapasuka na mashine ya fotokopi inakwama.
- Katoni ngumu, vipande 2 vya sentimita 16 kwa 12, pamoja na masalio ya vizibo.
- Gundi nyeupe ya mbao, kiasi cha kijiko kimoja cha chai kwenye kifuniko cha chupa. Gundi ya stiki inatosha kwa kadi ya Idi. Kwa mnara haishiki.
- Rula ya chuma, penseli iliyochongwa vizuri, mkasi, na wembe au kisu cha karatasi (kinakaa kwa mwalimu).
- Kalamu ya biki iliyokwisha wino. Usiitupe, ndiyo chombo muhimu kuliko vyote hapa.
- Kandambili moja kuukuu, vibanio 4 vya nguo, vijiti vya meno, na kalamu ya wino wa buluu.
- Chai ya rangi iliyopoa, bila sukari, na kipande cha sponji.

Kwa kupima: futi ya mkanda ya mita 5 au zaidi, kijiti kilichonyooka cha mita 1 kamili, dira (ya simu inatosha) na daftari. Darasa la wanafunzi 40 linahitaji seti 10. Tayarisha 12, kwa sababu mbili zitaharibika.

Kabla ya kwenda kupima

Haya ni makaburi, na yako kando ya msikiti. Omba ruhusa kwa wahusika wa msikiti, na kama ni kwenye magofu ya Gedi, kwa ofisi ya Makumbusho ya Taifa hapo hapo langoni. Wanafunzi wasiingie ndani ya ua wa kaburi, wasipande ukuta, na wasiegemeze kijiti kwenye lipu. Lipu ya chokaa ya zamani ikishabanduka hairudi. Vipimo vyote vya modeli hii hupatikana ukiwa nje.

Hatua

1. Pima urefu wa mnara kwa kivuli. Nenda alasiri, kwenye saa tisa na nusu hivi. Sababu ni hii: kwa kawaida mnara huinuka kutoka ukuta wa mashariki wa kaburi, kwa hiyo alasiri kivuli chake kinaanguka nje ya ua, mahali unapoweza kutandaza futi. Asubuhi kivuli kinaanguka ndani, juu ya kuta, na kipimo chake hakina maana. Saa sita mchana kivuli ni kifupi mno kwa sababu tuko karibu na ikweta.

   Simamisha kijiti cha mita 1 wima kabisa kwenye ardhi tambarare. Pima kivuli chake, na wakati huo huo mwenzako apime kivuli cha mnara, kuanzia kwenye uso wa mnara ulio upande wa kivuli hadi ncha. Gawanya kivuli cha mnara kwa kivuli cha kijiti. Mfano: kivuli cha kijiti ni mita 1.25, cha mnara ni mita 7.5. Hesabu 7.5 ÷ 1.25 inatoa mita 6. Vipimo viwili vikichukuliwa kwa kupishana dakika ishirini, jibu litakuwa la uongo. Jua la alasiri halisubiri.

2. Pima kuta. Urefu, upana, kimo, na unene wa ukuta. Unene unaonekana kirahisi pale ukuta ulipobomoka. Andika pia umbo la mnara: kuna ya duara, ya mraba, ya pembe sita, ya pembe nane na yenye mifuo ya wima. Hesabu matundu ya duara yaliyo kwenye lipu na uandike yako wapi. Hayo ni makao ya mabakuli ya kauri yaliyopachikwa zamani, na mengi yamekwisha kung'olewa.

3. Geuza vipimo kwa skeli ya 1:50. Kila mita 1 inakuwa mm 20. Kuanzia hapa tunatumia kaburi la mfano lenye mnara wa pembe nane wa mita 6, upana wake karibu mita 1, ua wa mita 4 kwa 3, kuta za kimo cha mita 1.5 na unene wa sentimita 40. Weka vipimo vyako mahali pa hivi:

   - Mnara: kimo mm 120, upana mm 19.
   - Ua: mm 80 kwa mm 60.
   - Ukuta: kimo mm 30, unene mm 8.

4. Tafuta mkondo wa nyuzi wa manila. Ipinde karatasi kidogo bila kuikunja, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Upande unaopinda kwa ulaini ndio unaofuata nyuzi. Chora mshale mdogo wa penseli kwenye kona, ukifuata mgongo wa mpindo huo laini. Mikunjo ya mnara lazima iende sambamba na mshale huo. Walimu wengi huruka hatua hii kwa kuwa haionekani kuwa na maana, na ndiyo inayozaa nusu ya minara iliyopinda.

5. Chora karatasi ya kwanza, yaani kuta. Kila ukuta ni ukanda unaokunjwa uwe bomba la mstatili. Ukitoka juu kwenda chini, ukanda una sehemu tano: uso wa nje mm 30, mgongo wa juu mm 8, uso wa ndani mm 30, kitako mm 8, na sikio la gundi mm 6. Jumla mm 82. Chora hivi:

   - Kuta ndefu 2 (kaskazini na kusini), kila moja mm 80 kwa 82. Kwenye uso wa nje peke yake, ongeza kila mwisho bawa la mm 8 kwa 30 lenye mdomo wa mm 4. Mabawa haya yanaziba ncha za bomba.
   - Ukuta mfupi 1 (magharibi), mm 44 kwa 82.
   - Vipande 2 vya ukuta wa mashariki, kila kimoja mm 12 kwa 82.

   Kosa linalorudiwa sana ni kukata ukuta wa magharibi mm 60 kwa sababu ua una upana wa mm 60. Ukuta huo unakaa *kati ya* kuta ndefu, na kila ukuta mrefu umeshakula mm 8. 60 toa 16 ni 44. Ukuta wa mashariki nao umekatwa vipande viwili ili mnara upate nafasi yake katikati.

6. Chora karatasi ya pili, yaani mnara. Mstatili wa mm 70 kwa 120: nyuso nane za mm 8 na sikio la mm 6. Mistari ya mikunjo iende kwa urefu wa mm 120. Uso wa mm 8 unatokana na kuzidisha upana wa mnara kwa 0.414. Ukiwa na mnara wa pembe nane wa upana mwingine, tumia namba hiyo hiyo. Chora minara miwili kwenye karatasi hii, mmoja wa akiba. Chora pia kifuniko: mraba wa mm 19 uliokatwa kila pembe mm 5.5.

7. Toa nakala. Kwenye kila karatasi chora kwanza mstari wa mm 100 pembeni. Kama unachapisha kutoka kompyuta ya saiba, mwambie mhudumu achague asilimia 100, asiruhusu mashine "ijaze ukurasa". Kama ni fotokopi, manila ipitie trei ya pembeni ili isipindwe. Nakala ya kwanza ikitoka, pima ule mstari kwa rula. Ukisoma mm 97 au 103, simamisha kazi hapo hapo, usilipie nakala 24 za kutupa. Wino wa mashine ya maji unachuja ukigusa gundi, kwa hiyo chagua mashine ya wino wa unga.

8. Paka rangi kabla ya kukata. Chovya sponji kwenye chai, ikamue hadi ibaki na unyevu tu, kisha gusagusa upande uliochorwa. Usipake kama unapiga rangi nyumba. Acha sehemu nyeupe nyeupe, kwa sababu lipu ya chokaa juu ya matumbawe haina rangi moja. Kausha karatasi zikiwa zimelala kati ya magazeti, na vitabu vizito juu, usiku mzima. Usitumie chokaa halisi na watoto. Chokaa mbichi huunguza macho na ngozi.

9. Tia mabakuli na matundu. Hapa mlaze mnara ambao bado haujakunjwa juu ya kandambili, upande wa rangi ukitazama juu. Kwa tundu lililopoteza bakuli, bonyeza ncha ya biki iliyokwisha na uizungushe taratibu mpaka karatasi ifanye kishimo, kama kidole kwenye unga. Kwa bakuli ambalo bado lipo, chora duara la buluu la mm 3 hadi 4. Usitumie vile viduara vinavyoanguka kwenye mashine ya kutoboa karatasi. Vina karibu mm 6, na kwa skeli hii ni sawa na sinia la sentimita 30 ukutani.

10. Tia mifuo, kisha kata. Weka rula kwenye kila mstari wa mkunjo na upitishe biki isiyo na wino, mara mbili, kwa nguvu ya wastani. Karatasi inapaswa kuonyesha mfereji, isichanike. Mifuo yote kwanza, kukata baadaye. Ukikata kwanza, vile vipande vya mm 12 vitateleza chini ya rula na kila mfuo utakwenda upande.

11. Unda vizibo vya mnara. Kata miraba 6 ya katoni ya mm 18, toa kila pembe mm 5, na uzibandike tatu tatu upate vizibo viwili. Jaribu kimoja ndani ya mnara uliokunjwa bila gundi. Kiingie kwa kusukumwa kidogo. Kikibana, punguza kwa msasa au kwa kukisugua kwenye sakafu ya saruji.

12. Funga mnara. Kunja mikunjo yote minane kwa vidole, ifungue, kisha paka gundi kwenye sikio kwa kijiti cha meno, safu nyembamba inayoonekana kama maziwa yaliyopanguswa. Bana kwa rula ya ndani na vibanio viwili vya nje kwa dakika kumi. Uangalie mnara kutoka juu: pembe nane zikae sawa. Weka kizibo kimoja juu, milimita moja ndani ya ukingo, na ufunike kwa kile kifuniko.

13. Andaa sakafu. Bandika vipande viwili vya katoni vikiwa vimepishana, mawimbi ya kimoja yakienda urefu na ya kingine yakienda upana. Katoni ya safu moja hupinda unyevu ukiingia. Kwa kalamu chora mshale wa kaskazini na mstatili wa mm 80 kwa 60, urefu wake ukielekea mashariki–magharibi.

14. Simamisha. Bandika kizibo cha pili katikati ya upande wa mashariki, kitovu chake kikiwa mm 4 ndani ya mstari, ili mnara ukae katikati ya unene wa ukuta. Vika mnara juu yake, uso mmoja ukitazama kaskazini na mwingine kusini. Kisha kuta ndefu, halafu ukuta wa magharibi, na mwisho vile vipande viwili vya mashariki, kimoja kila upande wa mnara. Patabaki upenyo usiofika milimita moja. Gundi iliyochanganywa na mchanga laini wa pwani uliochekechwa inauziba, na inafanana na lipu kuliko kitu chochote cha dukani.

Kazi ya wanafunzi, kuanzia hatua ya 9, inachukua vipindi viwili vya dakika 40. Mifuo, kukata na kufunga mnara kipindi cha kwanza, kusimamisha kipindi cha pili. Usijaribu kuibana katika kipindi kimoja. Gundi haitakauka na mnara utabanwa na mikono kumi.

Yanayokosewa kwa upande wa historia

Kosa kubwa kuliko yote ni kuusimamisha mnara katikati ya ua, kama nguzo ya bendera. Watoto hufanya hivyo kwa sababu wanadhani maiti yuko chini ya mnara. Hapa ndipo dira inapofaa. Kutoka pwani yetu kibla ni kaskazini, na maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akielekea kibla. Waache wanafunzi wajaribu kwa mwanasesere juu ya meza: ubavu wa kulia chini, uso kaskazini. Kichwa kitaangukia mashariki, upande ule ule wa mnara. Hakuna maelezo ya ubaoni yanayofikia dakika hiyo.

Kosa la pili ni kukarabati. Ukuta ukiwa umebomoka kona moja, mwanafunzi hupenda kuumalizia. Mwambie aamue: ama anatengeneza kaburi lilivyo leo, na kona ikatwe kwa mkasi ilivyobomoka, ama anatengeneza lilivyodhaniwa kuwa zamani, na aandike hivyo kwenye sakafu. Kuchanganya mawili hayo ni kusema uongo kwa karatasi, na ni vyema mtoto alijue hilo mapema.

Kauri nayo inafungua mlango wa biashara ya bahari. Mwaka 1415 Malindi ilimpeleka twiga China, na mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi. Kwa tarehe iliyoandikwa juu ya kaburi lenyewe, liko kaburi la Gedi lenye mwaka 802 Hijria, sawa na 1399 Miladi. Tarehe hizi tatu zinatosha kwa somo. Ziandike kwenye ukingo wa sakafu.

Kwa walioko Lamu

Kiolezo hiki kinabadilika kirahisi kwa msikiti wa Takwa, kisiwani Manda, ambao nguzo yake imesimama juu ya ukuta wa kibla. Maana yake mnara unahamia ukuta wa kaskazini, haushuki chini hadi sakafuni bali unakaa juu ya mgongo wa ukuta. Ongeza kizibo ndani ya bomba la ukuta mahali hapo, la sivyo uzito utalibonyeza. Safari ya kwenda kupima ipangwe kwa maji ya kujaa, kwani njia ya mkoko hupitika vizuri wakati huo tu. Muulize nahodha saa ya kurudi kabla hamjashuka.

Mambo yakienda kombo

*Mnara unajinyonga.* Nyuzi za karatasi zimekwenda kinyume, au sikio limebandikwa likiwa limeteleza milimita moja. La kwanza halina dawa, tumia mnara wa akiba. La pili, kama gundi haijakauka, fungua, sawazisha ukingo wa chini kwanza, kisha panda juu.

*Mikunjo inapasuka na kuonyesha weupe.* Mfuo haukutiwa au umetiwa kwa wembe. Gusa weupe kwa chai nzito.

*Karatasi imejaa mawimbi.* Gundi nyingi au ina maji. Iliyokwisha kukauka hivyo haitanyooka. Kwa seti inayofuata, paka gundi upande mmoja tu wa kiungo.

*Kuta hazikutani kwenye kona.* Pima ukuta wa magharibi. Ukikuta mm 60, rudi hatua ya 5.

*Mnara unaegemea.* Kizibo cha chini ni kidogo. Zungushia ukanda wa karatasi ya daftari, safu moja moja, mpaka mnara ushike.

*Modeli imelegea baada ya wiki.* Hii ni hewa ya bahari, na msimu wa mvua za masika huzidi. Modeli ikishakauka, ipake safu moja nyembamba ya gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, kijiko kwa kijiko, kwa brashi isiyodondosha. Ikauke nusu siku mahali pa kivuli penye upepo, wala si juani, kwa sababu jua hukausha upande mmoja kabla ya mwingine na kuta hupinda.

*Kuna mende.* Wanafuata gundi ya unga wa ngano, ndiyo maana haimo kwenye orodha ya vifaa. Hifadhi modeli kwenye boksi lenye kifuniko, juu ya kabati, mbali na ukuta unaotoa unyevu, na nakala ya kwanza ya kiolezo ikae peke yake ndani ya bahasha ya plastiki, bila kukunjwa.